Upauzana unavurugika kwenye programu za desktopu: kabla hujaweka kiraka, jua kwanza nani anachora

#1 Mleta uzi

Wakuu habari zenu. Nimeona niandike hili kwa urefu kidogo maana kila nikimsaidia mtu ambaye upauzana wake (toolbar, ule mstari wa vitufe vya aikoni kwenye dirisha) umeharibika nakuta kitu kilekile, jamaa tayari ameshaweka taima inayoita Refresh muda wote, ameongeza pikseli mbili huku akapunguza tatu kule, na bado upauzana unametameta, au aikoni zimekatwa chini, au kitufe kipya kwake kinaonekana ila kwa mteja hakipo kabisa. Viraka vya namna hiyo vinaficha tatizo kwenye mashine moja halafu linaibukia kwenye nyingine.

Upauzana ni kitu kidogo lakini kinachorwa na wengi. Kuna anayepanga ukubwa, kuna anayepaka nyuma, kuna anayeleta picha za aikoni, na kuna anayekumbuka mtumiaji aliuacha vipi mara ya mwisho. Ukishajua nani kati ya hao ndiye mwenye shida, kiraka kinakuwa mistari michache tu na kinakaa sehemu moja. Usipojua utapiga rangi juu ya kila kitu na bagi itabaki palepale.

Nianze na mfano ambao naupenda kwa sababu unaonyesha kiraka kizuri kinafananaje. WinForms (fremuweki ya madirisha ya .NET), ukiweka ToolStrip, yaani upauzana wake, ikatumia RenderMode ya System, inatokea laini nyeupe chini ya upauzana. Watu wanahangaika na Padding, na Margin, wengine wanaweka paneli juu yake kuifunika. Laini ile haitokani na ukubwa wala mpangilio, inachorwa na rendera, yaani klasi inayochora kontroli, hapa ni ToolStripSystemRenderer, anapochora mpaka. Basi unatengeneza klasi yako inayorithi ToolStripSystemRenderer, una-override OnRenderToolStripBorder, na ndani yake huchori kitu. Ila hapa kuna jambo wengi wanalisahau, menyu zinazoshuka kutoka kwenye vitufe nazo zinatumia rendera huyohuyo, kwa hiyo ukizima mpaka kwa wote menyu zako zitatoka hazina mpaka. Kagua kwanza, kama e.ToolStrip ni ToolStripDropDown mwite base afanye kazi yake, kama ni upauzana wenyewe ndio unaruka. Mistari sita hivi, imekaa kwenye klasi moja, na siku fremuweki wakirekebisha unaifuta klasi yote bila kugusa kitu kingine.

Sasa hili la kitufe kipya kutoonekana kwa mteja. Hili ndilo linalokula muda wa watu kuliko yote na halina uhusiano wowote na kuchora. Ni kumbukumbu. Kwenye MFC (fremuweki ya Microsoft ya C++) ukitumia CMFCToolBar na CWinAppEx, hali ya pau za zana inahifadhiwa kwenye rejista ya Windows (registry) chini ya HKEY_CURRENT_USER, ndani ya sehemu ya programu yako kuna Workspace. Wewe unaongeza kitufe kwenye resosi, unabildi, unaendesha, hakuna kitufe. Unabildi upya kila kitu, hakuna. Kwa nini, kwa sababu programu ikiwaka inapakia mpangilio wa zamani kutoka kwenye rejista na ule wa zamani ndio unaoshinda, resosi yako haina nguvu tena. Wakati wa kuandika kodi unaweza kuita CleanState() au kufuta ile sehemu ya rejista kwa mkono, lakini kwa mteja hiyo sio njia, mteja huwezi kumwambia afungue regedit. Njia ya heshima ni kubadili jina la msingi kwenye SetRegistryBase kila toleo linapobadilisha vitufe, programu itaanza na ukurasa mpya na ya zamani itaachwa ilivyo. Gharama yake ni kwamba mtumiaji aliyejipangia vitufe vyake atapoteza mpangilio, kwa hiyo usifanye kila toleo, fanya pale tu vitufe vilipobadilika kweli na umwambie.

Na msifikiri ni MFC peke yake. Kwenye macOS, NSToolbar ukiwasha autosavesConfiguration anahifadhi mpangilio kwa jina la identifier uliyompa, ukiongeza kitufe kwenye orodha ya vitufe vya kuanzia, wale ambao tayari wana mpangilio uliohifadhiwa hawatakiona mpaka ubadilishe identifier au wao wenyewe wafungue dirisha la kupanga vitufe. Qt (fremuweki ya C++ ya mifumo mingi) wao walifikiria mbele kidogo, saveState na restoreState za QMainWindow zinapokea namba ya toleo, namba zisipolingana restoreState inarudisha false na haigusi kitu. Tatizo karibu kila mtu anaiacha ile namba ikiwa sifuri miaka yote. Na kwenye Qt kila QToolBar lazima iwe na objectName, usipoweka, hali yake haihifadhiwi vizuri, na Qt inakuonya kabisa kwenye konsoli ila nani anasoma konsoli. (Qt inakumbuka upauzana ulikaa upande gani na kama ulifichwa, vitufe vya ndani haivikumbuki, kwa hiyo huko dalili inakuwa upauzana mzima kupotea.)

Kwa hiyo kipimo cha kwanza kabisa kwenye mashine yoyote: endesha programu kwa akaunti mpya ya mtumiaji ambayo haijawahi kuifungua. Kama bagi imeondoka, achana na kuchora, nenda kwenye kumbukumbu.

Kipimo cha pili, badilisha ukubwa wa dirisha. Kama uchafu unaondoka ukivuta dirisha, basi kuna mtu hakuambiwa ajichore upya. Zamani tulikuwa tunapitisha dirisha lingine juu halafu tunaangalia, siku hizi Windows kila dirisha lina picha yake kwenye kumbukumbu na DWM (sehemu ya Windows inayounganisha picha za madirisha kwenye skrini) ndiye anayeunganisha, tangu Windows 8 huwezi hata kumzima, kwa hiyo kupitisha dirisha juu hakumlazimishi mtu kuchora chochote. Vuta ukubwa au ficha dirisha na ulirudishe.

Habari ya DPI (wingi wa vidoti kwa inchi, unaoamua ukubwa wa vitu kwenye skrini) naiacha kwanza maana ni ndefu, nitairudia chini. Karibuni.

#2

Mkuu umenena, hiyo laini nyeupe nimeishi nayo muda mrefu nikajua ndio muundo wao. Swali langu mimi niko WPF (fremuweki nyingine ya .NET), ToolBar ina kile kimshale upande wa kulia hata kama vitufe vyote vimetosha, ni kipande cha kijivu kinakaa pale bila kazi. Nimejaribu ToolBar.OverflowMode="Never" kwenye kila kitufe na bado kipo. Halafu pia aikoni zangu kitufe kikizimwa zinabaki na rangi zake kamili, mtumiaji anabofya anashangaa hakuna kinachotokea.

#3

Nimjibu #2 maana niko huko kila siku.

OverflowMode Never inazuia kitufe kisihamie kwenye kile kimshale, haimwondoi mshale mwenyewe, yule yupo ndani ya template ya ToolBar, yaani ule mchoro wa ndani unaoipa umbo. Kwenye Loaded unamtafuta, Template.FindName("OverflowGrid", toolBar), unamweka Collapsed, halafu unamtafuta MainPanelBorder unamweka Margin sifuri kwa sababu ile nafasi aliyoachiwa mshale inabaki wazi. Kagua null kabla, maana ukibadilisha template na yale majina yakabadilika FindName inarudisha null na programu inaanguka wakati inafunguka, kwa sababu ya urembo tu.

Lakini tafadhali usimfiche moja kwa moja. Dirisha likiwa jembamba vitufe vinahamia kule, ukiwa umeficha mshale mtumiaji hana njia ya kuvifikia. ToolBar ina HasOverflowItems, tumia hiyo, iwe false fiche, iwe true onyesha. Na kama kinachokuudhi ni vile vidoti vya kushika upande wa kushoto, hiyo ni ToolBarTray.IsLocked="True" basi, hakuna kodi.

La aikoni kutofifia, WPF haifanyi yenyewe, weka style ya Image yenye Trigger ya IsEnabled ikiwa False Opacity iwe 0.5 hivi. Na ukiona style yako ya Button haikubali ndani ya ToolBar usihangaike, ToolBar inavipa vitufe vyake style nyingine, lazima style yako uipe ufunguo wa ToolBar.ButtonStyleKey.

#4

Mimi nina mtazamo tofauti wakuu. Kwa nini tuteseke na viraka vyote hivi? Chora upauzana wako mwenyewe, paneli moja, picha zako, bofyo unashughulikia mwenyewe, unamaliza. Programu yetu tulifanya hivyo na inafanana popote, haina laini nyeupe, haina mshale, haina rejista. Fremuweki ikibadilika hainihusu.

#5 Mleta uzi

Mkuu #4 nakuelewa na kuna programu ambazo hiyo ndiyo njia sahihi, hasa zile ambazo tayari zinachora kila kitu zenyewe kama za muziki au za kuhariri picha. Ila tuangalie unachokipoteza. Kitufe cha upauzana cha kawaida kinajulikana na kisoma skrini, kina jina, kina hali ya kuzimwa au kubonyezwa, na vyote hivyo vinapita kwenye UI Automation (njia ya Windows ya kuwaeleza visoma skrini kilichopo) bila wewe kuandika kitu. Ukichora picha kwenye paneli, kwa mtumiaji asiyeona pale hakuna vitufe kabisa, kuna mstatili mmoja mtupu. Kibodi pia, mtu anayetembea na mishale na Tab hafiki. Na yule anayetumia hali ya rangi kali za kutofautisha, upauzana wako hautabadilika naye.

Vyote hivyo vinaweza kuandikwa, lakini ukiviandika vyote vizuri umeshaandika kontroli nzima upya na yenyewe itakuwa na mabagi yake. Mimi napima hivi: kama kiraka kinakaa ndani ya klasi moja, weka kiraka. Kikianza kusambaa kwenye kila fomu ya programu, hapo ndipo tuanze kuongea habari ya kuandika ya kwako.

#6

Mimi naandika Win32 tupu kwa C, hakuna fremuweki. Vitufe vinatoka vimebanana vingine havipo, na aikoni zina weusi pembeni kama zimechomwa. Halafu nikipanua dirisha upauzana unabaki na urefu wa zamani. Nisaidieni.

#7

#6 una matatizo matatu yanaonekana kama moja.

Vitufe kubanana na kupotea, angalia kama umetuma TB_BUTTONSTRUCTSIZE ukiwa umempa sizeof(TBBUTTON) KABLA ya kuongeza vitufe. Ukitumia CreateWindowEx hiyo ni lazima, ndiyo inayomwambia kontroli unatumia umbo gani la TBBUTTON, bila hiyo anabahatisha.

Weusi kwenye aikoni, nina uhakika mkubwa huna manifesti (faili ya XML inayoiambia Windows programu inahitaji nini). Bila manifesti unapata comctl32 (laibrari ya kontroli za Windows) ya zamani, familia ya 5, na yenyewe haijui uwazi wa pikseli za biti 32. Weka manifesti inayoomba Microsoft.Windows.Common-Controls toleo la 6.0.0.0, orodha ya picha itengeneze kwa ILC_COLOR32, na huo weusi utaondoka. Aikoni zilizozimwa zikikutokea mbaya, mpe orodha yake ya pili kwa TB_SETDISABLEDIMAGELIST, usimwachie yeye atengeneze kijivu.

Urefu kutobadilika, kwenye WM_SIZE ya dirisha mama mtumie upauzana TB_AUTOSIZE. Hajipangi mwenyewe mpaka aambiwe.

Na nyongeza, ukitumia TBSTYLE_FLAT au TBSTYLE_TRANSPARENT weka hiyo staili kabla upauzana haujaonekana. Microsoft wenyewe wameandika hivyo kwenye maelezo yao, ukiiweka baadaye kunatokea shida za kuchora. Tena upauzana wa namna hiyo haupaki nyuma yake wenyewe, unategemea dirisha mama, kwa hiyo ukiona mabaki ya vitufe vya zamani yameganda, kagua mama anafanya nini kwenye WM_ERASEBKGND kabla hujamlaumu mtoto.

#8

Aisee manifesti! Nimeweka na weusi umeondoka wote palepale, na TB_AUTOSIZE imemaliza la urefu. Asante sana mkuu, Mungu akubariki.

#9

Wa Qt tupo pia. Kwangu mimi aikoni zote zipo, nikipeleka programu kwenye mashine nyingine upauzana unatoka na maandishi tu au nafasi tupu. Faili za aikoni ziko ndani ya resosi kabisa kwa hiyo sio njia ya faili.

#10 Mleta uzi

#9 aikoni zako ni SVG, sivyo? Kusoma SVG kwenye Qt ni kazi ya plagini, kwako zipo kwa sababu umesakinisha Qt nzima. Kwenye folda unayopeleka kwa mteja hakikisha kuna qsvg ndani ya imageformats, qsvgicon ndani ya iconengines, na laibrari yenyewe ya Svg, vikikosekana aikoni inaweza kuwa tupu na mara nyingi hakuna ujumbe wowote. Kama unataka kuona kwa macho, weka kigezo cha mazingira QT_DEBUG_PLUGINS=1 halafu endesha, itakuorodheshea kila plagini ilipotafutwa na ilipokwama.

Kama sio SVG basi unatumia QIcon::fromTheme. Hiyo inategemea tema ya aikoni iliyopo kwenye mfumo, Linux nyingi zinayo, Windows mara nyingi hakuna kitu. Ipe aikoni ya akiba kama kigezo cha pili kila mara, hata kama kwako inafanya kazi.

Sasa nirudi kwenye DPI kama nilivyoahidi, maana hapa ndipo viraka vibaya vinapozaliwa kwa wingi.

Msingi wa Windows ni DPI 96, hiyo ndiyo asilimia 100. Aikoni ya pikseli 16 kwenye asilimia 125 inataka 20, kwenye 150 inataka 24, kwenye 200 inataka 32. Ukiwa na picha ya 16 tu, mtu lazima aivute, na swali ni lilelile, nani anavuta. Kama programu yako haijatangaza kwamba inajua DPI, Windows inachukua dirisha lako zima kama picha na kulivuta, kila kitu kinakuwa na ukungu pamoja na maandishi. Kama umetangaza, maandishi yanakuwa makali lakini aikoni zinabaki vidoti, au zinavutwa na kontroli yenyewe kwa ubora mbovu. Kwa hiyo dalili inakuonyesha: ukungu kila mahali ni tangazo linakosekana, ukungu wa aikoni peke yake ni picha zinakosekana.

Kwenye ToolStrip, ImageScalingSize ya kuanzia ni 16 kwa 16 na inaweza kubaki hivyo hata skrini ikiwa na asilimia 200, ndiyo maana aikoni kubwa nzuri uliyochora inaonekana ndogo, inashushwa kwanza mpaka 16. Pima DPI, .NET Framework 4.7 kuja juu kila Control ina DeviceDpi, piga hesabu, weka ImageScalingSize, na peleka picha ya ukubwa uleule ili asiwepo wa kuvuta. Delphi tangu 10.3 wana TImageCollection na TVirtualImageList zinazofanya hiyo kazi vizuri sana, waliobaki kwenye TImageList ya kawaida nawashauri wahame, kuhama ni kazi ya siku lakini inaondoa familia nzima ya mabagi.

Gumu zaidi ni mtu mwenye monita mbili zenye asilimia tofauti. Windows 8.1 mwaka 2013 ndiyo ilileta DPI ya kila monita, halafu toleo la 1703 la Windows 10 mwaka 2017 likaleta ile ya pili, Per-Monitor V2, ambayo inabadilisha yenyewe kichwa cha dirisha na baadhi ya vitu. Orodha yako ya picha haiigusi. Dirisha likivuka unapata WM_DPICHANGED, pale ndipo unabadilisha orodha ya picha, unaita TB_AUTOSIZE, na unalipa dirisha ule mstatili unaopendekezwa kwenye lParam. Usijipigie hesabu ya mstatili wako, ukifanya hivyo dirisha linaweza kuruka ruka katikati ya monita mbili bila kutulia.

#11

Nimekuwa nasoma kimya. Niulize la Java, Swing, JToolBar. Nikiongeza kitufe programu ikiwa inaendelea hakionekani mpaka nivute dirisha. Na kwenye skrini ya asilimia 150 aikoni zina ukungu ila maandishi safi.

#12 Mleta uzi

#11 la kwanza, baada ya add() ita revalidate() halafu repaint(), ya kwanza inapanga upya, ya pili inachora, na zote pamoja na add yenyewe zifanyike kwenye uzi wa matukio (event dispatch thread, uzi wa programu unaochora na kushughulikia bofyo) kupitia SwingUtilities.invokeLater. Ukiongeza kutoka uzi mwingine kuna siku itaonekana na kuna siku haitaonekana, na hiyo ndiyo aina ya bagi inayokula wiki nzima.

La pili, tangu Java 9 Swing inajikuza yenyewe kwenye Windows, kwa hiyo picha yako ya 16 inavutwa mpaka 24 wakati maandishi yanachorwa upya, ndiyo maana yako safi. Tengeneza BaseMultiResolutionImage uipe picha za 16, 24 na 32, iweke kwenye ImageIcon, Java itachagua inayofaa. Kutesti bila kubadilisha seti za Windows endesha na -Dsun.java2d.uiScale=1.5 halafu na 2, piga skrinshoti zote mbili uziweke hapa, na uandike unatumia muonekano gani maana Nimbus na ule wa mfumo havichori mpaka wa kitufe kwa namna moja.